Moqueca: Mchuzi wa samaki wa Brazil na namna ya kuupika nyumbani

NCHINI Brazil, moqueca haipakuliwi jikoni. Chungu huletwa mezani kikiwa bado kinatokota, mfuniko hufunuliwa mbele ya walaji, na harufu ya samaki, dania na ndimu huwafikia kabla ya tonge la kwanza.

Chakula hiki, ambacho jina lake hutamkwa "mokeka", ni mchuzi wa samaki au wa viumbe wengine wa baharini. Hupikwa kwa vitunguu, nyanya, pilipili mboga na dania, vyote vikiwa vimepangwa kwa matabaka ndani ya chungu cha udongo.

Mpishi wa pwani ya Kenya akivitazama viungo hivyo huenda akadhani kwamba chakula chenyewe anakijua tayari. Nazi anayo, ndimu anazo, na samaki wa kukata vipande hawamshindi kupata.

Lakini akiupika kama anavyopika mchuzi wa kila siku, atapata mchuzi mtamu ambao si moqueca. Chakula hiki hutegemea zaidi yale ambayo mpishi huyaacha kuliko yale anayoyatenda. Hakaangi samaki, hatii maji, hakorogi, wala hatii bizari.

Kwa familia nyingi, kilo moja ya samaki mzuri si ununuzi mdogo. Ndiyo maana ni heri kuzielewa kanuni hizi kabla ya kuwasha jiko.

JINA NA ASILI YAKE

Wapo wataalamu wa lugha wanaolihusisha neno moqueca na Kimbundu, lugha ya Kibantu inayozungumzwa nchini Angola, ambako "mukeka" ni mchuzi wa samaki. Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na sauti ya neno hilo, kwani halina uhusiano na mkeka wa kuketia.

Wengine hulitafuta asili yake katika Kitupi, lugha ya wenyeji wa Brazil kabla ya Wareno kufika. Hao waliwafunga samaki kwa majani na kuwachoma juu ya makaa. Yamkini desturi hizo mbili zilikutana jikoni, kwani Waafrika na wenyeji walipika chini ya paa moja katika mashamba ya Wareno.

Mji wa Salvador, katika jimbo la Bahia, uliasisiwa mwaka wa 1549 na ukawa makao makuu ya utawala wa Wareno hadi mwaka wa 1763. Bandari yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizopokea watumwa wengi zaidi katika mabara ya Amerika.

Kwa muda wa zaidi ya karne tatu, karibu Waafrika milioni 5 walishushwa nchini Brazil wakiwa watumwa, wengi wao kutoka Angola, Kongo na pwani ya Afrika Magharibi. Biashara hiyo iliwafikia hata watu wa Msumbiji. Utumwa haukupigwa marufuku nchini humo hadi Mei 13, 1888.

Wanawake waliopika katika nyumba za mabwana ndio walioipa Bahia ladha yake. Mafuta ya mawese, ambayo Wabrazili huyaita "dendê" kutokana na neno la Kimbundu, yalitokana na mchikichi uliovuka bahari kutoka Afrika Magharibi. Hadi leo sehemu ya pwani iliyo kusini mwa Salvador huitwa Pwani ya Dendê.

Mafuta hayo hutumika pia katika sadaka za dini ya Candomblé, iliyohifadhi ibada za Kiafrika nchini Brazil. Wakazi wengi wa Salvador, hata wasiokuwa waumini wa dini hiyo, hupenda kula vyakula vya dendê siku ya Ijumaa.

MIMEA ILIYOPISHANA BAHARINI

Nazi nayo ina safari yake. Minazi haikuwapo katika pwani hiyo ya Brazil kabla ya kuja kwa Wareno. Ilipandwa Bahia katika karne ya 16 ikitokea visiwa vya Cape Verde, ambako mabaharia wa Kireno walikuwa wameifikisha kutoka Bahari ya Hindi.

Mimea mingine ilisafiri upande wa pili. Muhogo, korosho, nyanya na pilipili zilitoka Amerika zikaja kustawi Afrika. Hata bixa, ambayo wakulima wa Kwale na Lamu huivuna kwa ajili ya rangi yake nyekundu, asili yake ni Amerika ya joto, na ndiyo inayoupa mchuzi wa jimbo la Espírito Santo wekundu wake.

Kwa hiyo, mpishi wa Kenya anayetaka kupika moqueca hahitaji kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Takriban kila kiungo kiko sokoni.

AINA MBILI, UBISHI MMOJA

Moqueca ya Bahia hutiwa tui la nazi na mawese. Mchuzi wake ni mzito, una rangi ya machungwa, na harufu ya mawese huhisika tangu mlangoni. Huenda ndani yake wakawa samaki, kamba, kaa, pweza au taa. Mwandishi Jorge Amado wa Bahia aliiingiza hata katika riwaya yake ya mwaka wa 1966, "Dona Flor e Seus Dois Maridos", ambamo mhusika mkuu ni mwalimu wa mapishi.

Espírito Santo ni jimbo linalopakana na Bahia upande wa kusini, na wenyeji wake hujulikana kama capixaba. Wao hawatii nazi wala mawese. Hutumia mafuta ya zeituni, rangi ya bixa, nyanya, vitunguu, dania na ndimu, ili ladha ya samaki isifunikwe na chochote.

Ubishi kati ya majimbo hayo mawili haujaisha. Wacapixaba wana msemo kwamba moqueca ni ya kwao tu, na zilizobaki zote ni mchuzi wa samaki wa kawaida. Watu wa Bahia nao huuliza ni moqueca gani isiyokuwa na dendê.

Mpishi wa nyumbani hana haja ya kuamua kesi hiyo. Linalompasa ni kuchagua upande mmoja kabla ya kuanza, kwani kuchanganya kanuni za pande zote mbili huharibu ladha ya kila upande.

CHUNGU CHEUSI CHA GOIABEIRAS

Kwa Wacapixaba, chungu ni sehemu ya mapishi. Katika mtaa wa Goiabeiras, mjini Vitória, wanawake hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, kwa udongo unaochimbwa katika bonde la Mulembá. Ufundi huo una asili ya wenyeji wa kale, nao hurithishwa kutoka kwa mama hadi kwa binti.

Vyungu vikishakauka husuguliwa kwa kokoto laini za mtoni, kisha huchomwa katika moto wa wazi. Vikiwa bado vya moto, hupigwa kwa maji ya magome ya mkoko mwekundu. Maji hayo ndiyo yanayovipa weusi wake na kuziba vitundu vya udongo.

Mwaka wa 2002, ufundi wa wanawake hao ulikuwa wa kwanza kusajiliwa na serikali ya Brazil katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka wa 2011, jina la vyungu hivyo lilipata ulinzi wa kisheria kulingana na mahali vinakotengenezwa.

Chungu cha udongo hupata joto polepole na hulihifadhi kwa muda mrefu. Mchuzi huendelea kutokota dakika kadhaa baada ya kuepuliwa. Mpishi asiye na chungu anaweza kutumia sufuria nzito na pana yenye mfuniko. Sufuria nyembamba haifai, maana huunguza tabaka la chini kabla ya samaki wa juu kuiva.

MAHITAJI (walaji 4 hadi 5)

Kwa moqueca ya Bahia:

- Samaki mwenye nyama ngumu, kilo 1, aliyekatwa vipande vyenye unene wa sentimita 3
- Kamba waliomenywa, gramu 300 (si lazima)
- Ndimu 2
- Kitunguu saumu, punje 3 zilizopondwa
- Chumvi, kijiko kidogo 1 na nusu
- Vitunguu maji vikubwa 2, vilivyokatwa miviringo
- Nyanya 4 zilizoiva, zilizokatwa miviringo
- Pilipili mboga nyekundu 1 na ya kijani 1, zilizokatwa miviringo
- Dania, fungu 1 kubwa
- Pilipili kali 1, nzima
- Tui zito la nazi, kikombe 1 na nusu
- Mawese mekundu, vijiko vikubwa 3

Samaki kama tewa, changu mkubwa, kolekole au nguru hufaa. Wabrazili hupenda badejo, ambaye ni wa jamii moja na tewa. Kwa wanaoishi mbali na bahari, mbuta wa Ziwa Victoria ana nyama inayostahimili chungu.

Samaki mbichi hutambulikana kwa macho yaliyojaa na kung'aa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole. Mwenye harufu kali asinunuliwe kwa matumaini kwamba ndimu itamficha.

Kuhusu mawese, yatumike yale mekundu yasiyosafishwa, ambayo hujulikana sana Kigoma, Burundi na mashariki mwa Kongo. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa madukani hutokana na mchikichi huohuo, lakini yameondolewa rangi na harufu kiwandani. Hayo hayawezi kuchukua nafasi ya dendê.

UTARATIBU

Kwanza, samaki asafishwe, apakwe maji ya ndimu moja na nusu, kitunguu saumu na chumvi, kisha aachwe kwa dakika 30 mahali penye baridi. Asizidishe saa moja, kwani ndimu hubadilisha nyama na kuifanya kavu. Kamba wapakwe ndimu iliyobaki na chumvi kidogo, nao wawekwe kando.

Pili, nazi ikunwe na ikamuliwe kwa maji machache ya vuguvugu. Tui la kwanza ndilo litakaloingia chunguni. Lile la pili, ambalo ni jepesi, lihifadhiwe kwa kupikia wali utakaoandamana na mchuzi.

Tatu, kijiko kimoja cha mawese kipakwe chini ya chungu. Nusu ya vitunguu itandazwe, ifuatiwe na nusu ya nyanya, nusu ya pilipili mboga na theluthi ya dania. Tabaka hili la mboga ndilo linalomkinga samaki asishike chini, na maji yake ndiyo yatakayokuwa mchuzi.

Nne, vipande vya samaki vipangwe juu ya mboga kwa safu moja, bila kurundikwa. Mboga zilizobaki zifuate juu yake pamoja na theluthi nyingine ya dania. Pilipili kali iwekwe katikati ikiwa nzima. Ikipasuka, ukali wake utatawala chungu chote.

Tano, chungu kifunikwe na kiwekwe juu ya moto wa wastani kwa takriban dakika 10. Katika muda huo nyanya na vitunguu vitatoa maji. Mpishi atakayefunua mapema ataona ukavu na kutamani kuongeza maji. Asiongeze. Mvuke ukishakusanyika, mchuzi utapanda wenyewe.

Sita, tui limiminwe taratibu pembezoni, na moto upunguzwe. Tui likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga na maji. Mchuzi utokote polepole kwa dakika nyingine 8 hadi 10, bila mfuniko au kikiwa kimefunikwa nusu. Kamba watiwe katika dakika 5 za mwisho, kwani wakizidi huwa wagumu.

Badala ya kukoroga, mpishi ashike chungu kwa vitambaa viwili na kukitikisa kidogo. Mchuzi anaweza kuuteka kwa kijiko na kuumwagia samaki juu. Kijiko kikiingizwa katikati, vipande vitavunjika na chakula kitageuka rojo.

Mwisho, mawese yaliyosalia yamwagwe juu na dania iliyobaki inyunyizwe. Baada ya dakika 2, chungu kiepuliwe. Samaki aliyeiva huwa mweupe hadi ndani na nyama yake hujitenga kwa urahisi. Chumvi ionjwe wakati huu.

KWA NJIA YA ESPÍRITO SANTO

Anayependa mchuzi mwepesi aondoe nazi, mawese na pilipili mboga. Vijiko 3 vikubwa vya mafuta ya zeituni vipashwe moto pamoja na kijiko kimoja kidogo cha mbegu za bixa hadi mafuta yawe mekundu. Mbegu zitolewe kabla hazijaungua, maana zikiungua huwa chungu.

Nyanya ziongezwe hadi 6, na vitunguu vya majani vitiwe pamoja na dania. Utaratibu mwingine ni uleule: matabaka, moto wa wastani, bila maji wala mwiko. Kwa kuwa hakuna tui la kufunika kasoro, aina hii humdai mpishi samaki mbichi zaidi.

PIRÃO, WALI NA NDIZI

Moqueca huliwa kwa wali mweupe na pirão, ambayo ni uji mzito wa unga wa muhogo uliopikwa kwa supu ya samaki. Kichwa na mifupa huchemshwa kwa kitunguu na chumvi kwa dakika 20, kisha supu huchujwa. Unga hutiwa kidogokidogo huku ukikorogwa hadi upate ulaini wa uji unaoshikamana.

Hapa pana tofauti ya kuzingatiwa. Unga wa Brazil hutokana na muhogo uliokunwa, ukakamuliwa na kukaangwa. Ule wa Afrika Mashariki aghalabu husagwa kutokana na muhogo uliokaushwa, nao ni laini zaidi. Kwa hiyo uvurugwe kwanza kwa maji baridi ili usifanye madonge, na upikwe kwa dakika 10 au zaidi. Unga ununuliwe kwa muuzaji anayeaminika, kwani muhogo mchungu usioandaliwa vyema una sumu.

Wacapixaba huongeza pia moqueca ndogo ya ndizi mbivu za kupika. Ndizi aina ya mkono wa tembo hufaa, zikipikwa kwa matabaka yaleyale ya nyanya na vitunguu. Wasiokula samaki hupata mlo kamili, na waliao hupata utamu wa kupunguza ukali wa ndimu.

Samaki wakiadimika, Wabrazili hupika hata moqueca ya mayai. Mayai hupasuliwa juu ya mboga zilizokwisha kulainika, kisha chungu hufunikwa hadi yaive.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kosa la kwanza ni kumkaanga samaki kabla ya kumtia chunguni, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi. Samaki aliyekaangwa hajipi ladha ya mchuzi wala hautolei mchuzi ladha yake.

La pili ni bizari, tangawizi, ukwaju na viungo vya pakiti. Vyote ni vizuri mahali pake, lakini hufunika dania na ndimu, ambazo ndizo nguzo za moqueca.

La tatu ni kuzidisha mawese kwa sababu ya rangi yake ya kupendeza. Takriban nusu ya mafuta hayo ni mafuta mazito yanayoshauriwa kupunguzwa na wenye maradhi ya moyo. Vijiko 3 kwa watu watano vinatosha.

Kadhalika, anayekaribisha wageni awaulize mapema iwapo kuna anayedhurika kwa kula kamba au kaa. Kuwatoa baada ya kupika hakusaidii, kwani mchuzi huwa umekwisha kuingiliwa.

BAHARI INAPOUGUA

Uhai wa moqueca unategemea bahari, na bahari ya majimbo hayo imepata misiba. Novemba 5, 2015, bwawa la taka za migodi lilipasuka karibu na mji wa Mariana, jimboni Minas Gerais, na kuua watu 19. Matope yalifuata mto Doce kwa mamia ya kilomita hadi yakaingia baharini katika pwani ya Espírito Santo. Mwaka uliofuata, mahakama ilipiga marufuku uvuvi katika eneo la mlango wa mto huo.

Mwaka wa 2019, kuanzia mwisho wa Agosti, mafuta ghafi yalianza kutapakaa katika fuo za majimbo yote tisa ya kaskazini mashariki, Bahia ikiwemo, kabla ya kufika Espírito Santo. Wavuvi na wanawake wanaookota chaza na kaa mikokoni walikosa wanunuzi, hata pale samaki wao walipokuwa hawajaguswa na mafuta.

Katika misiba yote miwili, vyungu, moto na ujuzi havikuwa vimepotea. Kilichokosekana ni samaki wa kuaminika.

KIPORO

Moqueca iliyobaki iwekwe kwenye jokofu mara ipoapo, na iliwe kesho yake. Ipashwe kwa moto mdogo, bila kukorogwa, ili tui lisikatike. Ikiwa samaki wamekwisha na mchuzi umebaki, usimwagwe. Utiwe unga wa muhogo na upikwe uwe pirão, kama wafanyavyo wenyewe Bahia, ambako mchuzi wa chini ya chungu huhesabiwa kuwa sehemu tamu kuliko zote.